Uzoefu wangu na lenzi ya Canon TS-E 24mm kwa majengo na mandhari ya Kigoma na Tabora

Lenzi ninayoieleza hapa ni Canon TS-E 24mm f/3.5L II, lenzi ya kuona upana inayoweza kusogezwa na kuinamishwa, iliyotoka mwaka 2009, ambayo nimeitumia kiangazi na masika kupiga picha za majengo ya kale na mandhari katika mikoa ya Kigoma na Tabora. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Si lenzi ya kila mtu, wala si ya kila siku: haina fokasi ya kujiendesha, haivuti karibu wala mbali, ina uzito wa gramu 780, na mpya imekuwa ikiuzwa kwa karibu dola 1,900 za Marekani, fedha ambayo hapa kwetu hununua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Pamoja na hayo, kwa anayepiga picha za majengo sijaona kifaa kingine kinachoifanya kazi hii vizuri kiasi hiki, ingawa wapo wengi ambao fedha yao ingepotea bure, na hao pia nitawataja.

Tatizo ambalo lenzi hii imetengenezwa kulitatua analijua kila aliyewahi kuinua simu apige picha ya mnara wa msikiti au wa kanisa. Jengo huonekana linaanguka kwa nyuma, kuta zake zikikaribiana kuelekea juu. Simu haina kosa. Kamera ikielekezwa juu, kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, hakiko tena sambamba na ukuta, na sehemu ya juu ya jengo, kwa kuwa iko mbali zaidi, huchorwa ndogo kuliko ya chini. Dawa yake ni kuiacha kamera imenyooka, ikitazama mbele bila kuinama, kisha kuisogeza lenzi yenyewe juu kwa skrubu iliyo ubavuni mwake. Jambo hilo linawezekana kwa sababu duara la picha linalotolewa na lenzi hii lina upana wa milimita 67.2, ilhali kihisi kikubwa cha kamera, cha milimita 36 kwa 24, kinahitaji duara la milimita 43 hivi tu. Nafasi inayobaki ndiyo unayoinunua. Lenzi husogea hadi milimita 12 upande wowote, na kilele cha jengo kilichokuwa nje ya fremu huingia ndani huku kuta zikibaki wima.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kukaa kichwani. Ukiishika kamera kwa ulalo, umesimama mita 10 kutoka ukutani, utaona mita 5 juu ya usawa wa kamera. Ukiisogeza lenzi milimita zote 12, utaona mita 10. Ukiisimamisha kamera wima, mita 7.5 zinakuwa mita 12.5. Kwa majengo ya mikoa yetu, ambayo mengi hayazidi ghorofa mbili au tatu, hiyo inatosha kabisa, hata mtaa ukiwa mwembamba na nyuma yako kuna ukuta wa mtu. Anayesafiri kwenda Dubai na kutaka Burj Khalifa lote, mita zake 828, ajue kwamba hata kwa lenzi hii atalazimika kusimama zaidi ya mita 660 kutoka hapo, na bado apate kibali cha walinzi kusimamisha tripodi.

Wazo lenyewe si geni. Serikali ya Ufaransa iliwatuma wapiga picha watano mwaka 1851, akiwemo Édouard Baldus na Gustave Le Gray, kupiga picha za majengo ya kale yaliyohitaji kukarabatiwa, na tangu enzi hizo jengo lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo kamera ilipewa kazi ya kuvihifadhi. Kamera kubwa za mbao zenye mivukuto zilikuja kuwa na ubao wa mbele unaopanda na kushuka pamoja na lenzi. Kamera ndogo za filamu zilipoenea, uwezo huo ulipotea kwa watu wengi, na ni mwaka 1973 Canon ilipotoa lenzi ya milimita 35 iliyoweza kusogea na pia kuinama kwenye kamera ndogo. Hii ya milimita 24 ni mjukuu wake.

Mahali ambapo lenzi ilinilipa gharama yake yote ni stesheni ya Kigoma. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na jengo la stesheni lilijengwa kwa fahari isiyolingana kabisa na ukubwa wa mji wa wakati huo, kama kwamba mjenzi alitaka msafiri aliyetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ajue kuwa amefika mahali. Nimeona picha zake nyingi mitandaoni, na karibu zote ama zimepigwa kutoka mbali, barabara na magari yakachukua nusu ya fremu, ama zimepigwa kwa karibu na jengo likalala chali. Kwa lenzi hii unasimama karibu, unaisogeza milimita 8 au 9, na matao ya chini yanabaki matao, nguzo zinabaki nguzo, na paa linakaa juu ya kuta zake kwa uzito linaostahili. Nilipoweka picha ya lenzi hii na ya simu kando kwa kando, niliona kwamba jengo lilelile lina vimo viwili tofauti, na kile cha simu ni cha uongo.

Stesheni, bandari na maeneo ya jeshi hayapigwi picha ovyo, na kifaa chenye miguu mitatu humvuta askari haraka kuliko simu. Mimi huenda kwanza kwa mkuu wa stesheni, namwamkia, namweleza kazi yangu, namwonyesha picha nilizopiga awali, na mpaka sasa nimepewa ruhusa kwa uungwana. Kizuizi kigumu zaidi nilikipata mitaani Ujiji, ambako tripodi na lenzi yenye skrubu pembeni vilitafsiriwa kuwa vifaa vya wapima ardhi.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia mzee mmoja aliyetoka nje kunitazama.

“Marahaba, baba. Mmekuja kutuwekea X?”

Ilinibidi nimwonyeshe nyumba yake mwenyewe kwenye kioo cha kamera, mlango wake wa kuchonga ukiwa umenyooka, ndipo alipokubali kwamba hakuna barabara inayopanuliwa wala nyumba ya kutiwa alama ya kubomolewa. Kisha akaita wajukuu waje wapigwe picha, kazi ambayo lenzi hii haiiwezi. Mtoto hasubiri uzungushe fokasi kwa mkono. Mpiga picha wa harusi, wa mahafali au wa mechi asijisumbue nayo hata akiuziwa kwa nusu bei.

Tabora ilinipa matokeo mchanganyiko. Stesheni yake, ambayo nayo ni ya Wajerumani, na majengo ya Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 na ambako Mwalimu Nyerere alisoma, yanatoka vizuri sana kwa sababu yana mistari ya wima inayodai heshima. Tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya Stanley kuondoka, na ambalo limejengwa upya na kuwa makumbusho, ni jengo la chini, refu, lenye paa bapa. Hapo hakuna kilele cha kukifuata, na lenzi ya kawaida ya milimita 24 ingefanya kazi ileile kwa robo ya bei. Kilichonisumbua zaidi Tabora ni vumbi la kiangazi. Lenzi hii haina mipira ya kuzuia vumbi na maji, na sehemu zake zinazoteleza ziko wazi, kwa hiyo naifunika kwa mfuko wa nailoni kila ninapohama sehemu, na jioni naipiga brashi kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Kwa upande wa mandhari, watu huniuliza zaidi kuhusu kuinamisha, yaani kuipindua lenzi hadi digrii 8.5, kwa kuwa wameona zile picha zinazofanya mji uonekane wa kuchezea watoto. Mchezo huo unachosha upesi. Matumizi ya kweli ya kuinamisha ni kulaza eneo la fokasi juu ya ardhi, ili mawe yaliyo miguuni pako ufukweni na milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, vyote vionekane vikali bila kulifinya tundu la lenzi hadi f/16 au f/22 (namba ikikua, tundu hupungua), ambako ukali wa picha nzima huanza kupungua. Wengi huzungusha kupita kiasi. Kwa lenzi ya milimita 24 iliyo mita 1.5 juu ya ardhi, kinachohitajika ni digrii moja hivi, pengine pungufu kidogo, na baada ya hapo f/8 inatosha. Kazi hiyo inahitaji utazame kwenye kioo cha nyuma cha kamera picha ikiwa imekuzwa, usogeze kidogo, ukague karibu na mbali, usogeze tena. Jua la Ziwa Tanganyika halikusubiri. Huzama haraka nyuma ya milima ile, na usipokuwa umepanga kila kitu mapema utabaki na giza na tripodi.

Faida niliyoifurahia kuliko nilivyotarajia ni picha pana. Nikiwa juu ya kilima kinachotazama ghuba ya Kigoma, napiga picha moja lenzi ikiwa imesogezwa milimita 12 kushoto na nyingine milimita 12 kulia, bila kuigusa tripodi, na kompyuta inaziunga kuwa picha moja yenye upana wa mara mbili na nusu ya kimo chake, inayomeza zaidi ya digrii 100 za upeo wa macho. Kwa kuwa kamera haikuzunguka, mstari wa maji haupindi. Nikiwa na kitu cha karibu mbele, kama shina la mwembe, kuunga huleta kasoro ndogo, lakini ziwa na milima viko mbali vya kutosha.

Hewa, hata hivyo, haitengenezwi na lenzi. Kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, moshi wa mapori yanayochomwa hufuta milima ya ng'ambo kabisa, na hakuna skrubu ya kuirudisha. Picha zangu nzuri za ziwa zote ni za masika, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Filta ya kupunguza mng'aro, ambayo hapa ni ya milimita 82 na bei yake si ndogo, hutia anga weusi upande mmoja na weupe upande mwingine katika picha pana kiasi hiki; naitumia tu ninapotaka kuona mawe chini ya maji.

Ndani ya boti haifai kabisa. Ubora wake wote unategemea kamera kuwa sawasawa, na wimbi haliheshimu kipima usawa. Nilipotaka picha ya MV Liemba, ile meli ya mita 71 hivi iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, niliipata kwa kusimama nchi kavu kwa kibali, na milingoti yake ikatoka wima ipasavyo.

Kuna wanaosema kwamba programu za kompyuta hunyoosha kuta kwa kubofya mara moja, hivyo lenzi hii imepitwa na wakati. Wana hoja. Kwa picha za mtandaoni, au za kalenda ndogo, programu inatosha, na anayeanza aanze nayo. Lakini programu hunyoosha kwa kuivuta sehemu ya juu ya picha, na maelezo ya pale juu, vigae, maandishi, mapambo ya dirisha, hulegea. Kisha hukata pembe, na usipokuwa umeacha nafasi ya kutosha wakati wa kupiga, kona ya jengo inaondoka nazo. Wateja wangu wanaochapisha picha za ukutani za upana wa mita moja huiona tofauti hiyo bila kuambiwa.

Kwa anayetaka kuinunua ikiwa imetumika, kama nilivyofanya mimi, ahakikishe kwanza kwamba kamera yake ina kihisi kikubwa, kwa kuwa kwenye vihisi vidogo vya Canon lenzi hii hufanya kazi kama ya milimita 38 na upana wake wote unapotea. Kwenye kamera za kisasa za Canon zisizo na kioo ndani (mirrorless) hufungwa kwa adapta. Akiishika mkononi, aisogeze milimita zote 12, akaze skrubu ya kufungia, kisha aielekeze kamera juu na kuitikisa taratibu: lenzi ikiteleza na kurudi, meno yake yameliwa, na sijui fundi wa mikoa hii anayeweza kuyatengeneza. Apime mwanga kabla ya kusogeza, kwa kuwa kamera za kizazi cha zamani husoma mwanga vibaya lenzi ikiwa pembeni. Na asikubali itumwe kwa basi bila boksi gumu, hata kondakta akiapa kwamba ataipakata mwenyewe hadi Kasulu.