Programu ya mali za kudumu: gharama ambazo ankara haikuonyeshi

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nimekuja na kitu kidogo hapa mkononi, ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnakiona? Ni stika ya bakodi, ile inayobandikwa kwenye viti, kompyuta na mashine ili mali itambulike. Tazameni pembe hii, imejikunja na kuwa ya kahawia. Niliibandua kwenye jenereta la shule moja binafsi nilikokuwa nasaidia kuhamisha rejista ya mali kutoka Excel kwenda kwenye programu. Tuliibandika Jumatatu, na wiki mbili hazijaisha joto la injini na dizeli vikawa vimeimaliza. Ikabidi tununue vibati vya alumini na kumlipa fundi avifunge kwa riveti, kimoja kimoja, kwenye kila mashine inayopata moto.

Ankara ya programu haikuwa na mstari wa vibati, wala wa fundi. Ndiyo sababu nimeamua leo nisiwachambulie programu ipi ina rangi nzuri, bali pesa inatoka wapi na inatoka lini. Wahasibu wenzangu, na nyie wakurugenzi mnaosaini malipo, naomba mnisikilize hadi mwisho.

Tuanze na bei yenyewe. Muuzaji akikutajia bei, swali langu huwa ni moja: bei hiyo inahesabiwa kwa nini? Wapo wanaotoza kwa kila mtumiaji. Wengine wanatoza kwa idadi ya mali, wengine kwa kila kampuni unayoifungulia hesabu, na wengine kwa kila kitabu cha uchakavu, yaani kila njia unayotumia kuhesabu jinsi mali inavyopungua thamani. Hapa watu wengi wanaumia. Shule ina mhasibu mmoja, kwa hiyo bei ya mtumiaji mmoja inaonekana rahisi sana. Lakini kila dawati na kila kiti kikiingizwa peke yake, mali zinafika maelfu, na ngazi ya bei inapanda kabla hujamaliza kuingiza bweni la kwanza. Kampuni ya malori ni kinyume chake: mali chache, kila moja ya mamilioni, lakini wanaohitaji kuingia kwenye mfumo ni wengi, kuanzia msimamizi wa karakana hadi mkaguzi wa ndani. Kwa hiyo hesabu mali zako kwanza, hesabu na watu wako, halafu ndipo uombe bei.

Na hilo neno kitabu nataka nilikalie kidogo, maana ndilo linalouzwa ghali. Tuseme umenunua kompyuta mpakato ya shilingi 2,400,000. Kwenye hesabu zako umeamua itatumika miaka minne, haitabaki na thamani, kwa hiyo kila mwaka unakata 600,000. Kikodi hapa Tanzania mambo ni mengine. Kompyuta ziko kundi la kwanza, asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Mwaka wa kwanza ni 900,000. Mwaka wa pili unachukua asilimia ileile ya 1,500,000 iliyobaki, unapata 562,500. Mali moja, hesabu mbili tofauti, na zote mbili ni halali. Muuzaji atakwambia, "Bosi, ongeza kitabu cha kodi, nyongeza yake ni kadhaa tu."

Usiongeze bado. Makundi matatu ya kwanza kwenye sheria yetu ya kodi ya mapato hayahesabiwi mali kwa mali. Mali zote za kundi zinaingia kapu moja, na ukiuza mojawapo, pesa uliyopata inapunguzwa kwenye kapu zima. Programu nyingi zinahesabu kila mali peke yake, na ukiuza mali zinakuonyesha faida au hasara ya mali hiyo hapohapo. Hiyo ni sawa kabisa kwa hesabu za kampuni, lakini kwa ritani ya kodi unayopeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, siyo. Utalipia kitabu cha pili, na mwisho wa mwaka utarudi kwenye Excel kutengeneza jedwali la makapu, lenye mistari isiyofika kumi. Mimi ushauri wangu uko wazi: kama muuzaji hawezi kukuonyesha kapu likifanya kazi mbele ya macho yako, nunua kitabu kimoja na ya kodi fanya mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, nikiulizwa kuhusu Sage Fixed Assets, najibu hivi. Ni programu ya kazi hii hasa, na ina kina kikubwa. Lakini imejengwa kuizunguka sheria ya kodi ya Marekani, ule mfumo wao wa kukata uchakavu kikodi, MACRS, uliokuja na mageuzi ya kodi ya mwaka 1986. Kama wewe ni tawi la kampuni ya Marekani na makao makuu yanataka taarifa kwa mfumo huo, chukua. Kama ni shule au kiwanda cha hapa nyumbani, sehemu kubwa ya unachokilipia hutaifungua hata siku moja.

Kabla ya kununua chochote, angalia kwanza kama hujakilipia tayari. Xero, mfano, inayo rejista ya mali ndani ya mfumo wa uhasibu. ERPNext nayo ni programu huria, leseni yake haina malipo, na upande wa mali umekamilika vizuri: kuhamisha mali kutoka ofisi hadi ofisi, matengenezo, hata vitabu zaidi ya kimoja. Ila leseni kuwa bure haina maana kazi ni bure. Seva inalipiwa, chelezo, yaani nakala za akiba za data, zinataka mtu wa kuzisimamia, na fundi wa kuisimika naye ana familia. Nimeona watu wakipumua kwa kukwepa leseni, halafu mfumo unakaa miezi bila mtu wa kuuhudumia. Ukiichagua, tenga bajeti ya mtu, siyo ya programu.

Sasa nirudi kwenye jenereta langu, kwa sababu gharama kubwa kuliko zote iko pale.

Rejista ya shule ilisema jenereta, kVA 60, ndicho kipimo cha nguvu yake. Mstari mmoja, basi, bila hata namba ya mashine. Nilipochuchumaa na tambara lenye mafuta ya taa, nikafuta grisi kwenye kibati cha mtengenezaji, herufi zikaanza kujitokeza polepole: kVA 100. Tukaulizana. Mlinzi wa zamani ndiye aliyetuambia kwamba la zamani lilichukuliwa na fundi kama sehemu ya malipo ya hili jipya. Hakuna aliyeliondoa vitabuni, na hili jipya liliandikwa lote kama matengenezo ya mwaka ule. Yaani kwa miaka kadhaa shule ilikuwa inakata uchakavu wa jenereta lisilokuwepo, na hili linalonguruma kila umeme ukikatika halimo kwenye rejista. Tulizoea kusikia watumishi hewa. Hizi ni mali hewa, na mali hai zisizojulikana.

Programu haiwezi kukutambulia hilo. Ukiingiza uongo, itakukatia uchakavu wa uongo kwa usahihi hadi senti ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, lazima watu wapite chumba kwa chumba, wahesabu, wasome namba, watafute ankara za zamani kwenye mafaili, wakubaliane kila mali ina miaka mingapi mbele. Kwenye kazi ile, siku za watu tulizotumia kuhesabu na kusafisha ziligharimu zaidi ya ada ya programu ya mwaka mzima. Na bado sijataja skana, stika, wala hivyo vibati. Muuzaji akikwambia ada yake inajumuisha kuingiza takwimu, muulize: utaingiza faili nitakalokupa, au utakuja kuhesabu? Karibu kila mara ni faili utakalompa wewe.

Kwenye malipo yenyewe nitapita haraka. Bei ya dola inapanda nawe hujanunua kitu kipya, maana shilingi haikai mahali pamoja. Ukimlipa muuzaji asiye mkazi wa Tanzania, kuna kodi ya zuio asilimia 15, yaani unaikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA. Wengi wao wanataka pesa yao ifike kamili, na hapo kodi inakuwa juu yako: ankara ya dola 2,000 inageuka karibu 2,353. Ukinunua kwa muuzaji wa hapa, uliza kama bei ina VAT ndani. Shule ambayo haijasajiliwa VAT hairudishiwi hiyo pesa, ni gharama kamili.

Jambo hili linawashangaza hata wahasibu. Ukikodi programu kwa mwezi au mwaka, ile inayokaa kwenye seva za muuzaji, kwa kawaida huwezi kuiandika kama mali yako. Kamati ya tafsiri ya IFRS, vile viwango vya kimataifa vya uhasibu, ililizungumzia hili Machi 2019, na Aprili 2021 ikaongeza kuhusu gharama za kuirekebisha ikufae: mara nyingi nazo ni matumizi, zinakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara. Kama mlipanga kuigawanya gharama ya usimikaji kwa miaka mitano, kaeni na mkaguzi wenu mapema, kabla ya kusaini. Ni afadhali bodi isikie sasa kuliko ione faida ya mwaka imepungua bila maelezo.

Basi siku ya maonyesho, usimwache muuzaji atumie mifano yake. Mpe mali tano zako. Mpe gari ulilonunua katikati ya mwaka. Mpe jengo lenye paa lililobadilishwa. Mpe kompyuta iliyoibiwa, na meza arobaini za siku moja. Mpe na jenereta lililobadilishwa injini, mwambie aiondoe injini ya zamani vitabuni na kuingiza mpya bila kufuta historia. Kaa kimya, tazama anabonyeza mara ngapi, na kila anaposema "hiyo ni moduli nyingine", andika bei yake pembeni. Ukimaliza, jumlisha karatasi yako na siku za kuhesabu mali, halafu linganisha na ile bei aliyokutajia kwenye simu.

Video ijayo nitawaonyesha karatasi ya kuhesabia tuliyoitumia pale shuleni, safu kwa safu, pamoja na ile safu ya namba ya mashine tuliyoisahau mara ya kwanza tukalazimika kurudi madarasa yote. Asanteni sana.