Mita ya leza ya laki na nusu, mimi naitumia kwenye nyumba za kale zinazosubiri barabara

Wengi wanaouliza hizi mita za leza, vidude vya kupima umbali kwa mwanga badala ya tepu, ni mafundi wa jipsamu na vigae na majibu yao yapo tele, mi naandika kwa upande wangu manake kazi yangu ni historia ya majengo kwenye miradi ya miundombinu. Yaani barabara au reli ikitaka kupita mahali, timu ya tathmini ya mazingira inakuwa na mtu wa maji, mtu wa miti, mtu wa jamii, halafu kuna mimi wa nyumba za kale, natembea njia nzima napima, nachora, napiga picha, naandika hiki kina thamani gani, kabla greda halijafika.

Kidude chenyewe ni cha mwanga mwekundu, kinapima hadi mita 50, kinakula betri mbili za rimoti. Kampuni siitaji, zipo kibao zinafanana mpaka maboksi. Boksi linasema kinakosea milimita 2 na ndani ya chumba ni kweli, nimelinganisha na tepu ya chuma. Ila kwa nyumba ya matumbawe milimita 2 ni anasa tu, plasta ya chokaa yenyewe inapanda na kushuka sentimita nzima.

Kinapofanya kazi vizuri ni ndani ya zile nyumba za mawe za pwani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki nafasi kubwa, mita 2 na nusu mpaka 3 hivi basi. Kwa hiyo unaingia, unabonyeza, ukikuta upana wa mita 4 unainua macho fasta kutafuta chuma darini, pengine dari ilijengwa upya enzi za Mjerumani au baadaye. Halafu unapima nje, unatoa vipimo vya ndani, unapata unene wa ukuta, ukuta mmoja ukiwa sentimita 55 na wa pili 25 ujue hapo kuna chumba kimeongezwa. Zamani hiyo kazi ilitaka watu wawili na mmoja wao ashike tepu kwenye kona yenye popo.

Sasa ubaya wake. Kinakupa namba nzuri nzuri mpaka unaamini chumba kina kona mraba, na hakuna chumba cha zamani chenye kona mraba aisee. Pima kuta nne NA ulalo zote mbili, yaani kona hadi kona ya pili yake, bila hivyo ukirudi ofisini mchoro haufungi. Kingine angalia kinaanza kuhesabu kutoka mbele au nyuma ya kidude, kuna alama ndogo kwenye kioo, ikibadilika bila wewe kuona vipimo vyote vinatofautiana kwa urefu wa kidude, kama sentimita 11. Na ile ya kupima urefu kwa pembe, ya kusimama chini ukapata kimo cha paa, kwangu ni ya kukadiria tu, siiandiki kwenye ripoti.

Jua ndo adui mkubwa. Saa sita mchana nukta nyekundu kwenye ukuta uliopakwa chokaa huioni kabisa, kwa hiyo uso wa jengo napima asubuhi mapema au jioni, na kipande cha kadi nyeupe isiyong'aa naweka kama shabaha. Kama kazi yako ni ya nje zaidi, ongeza hela uchukue ya mwanga wa kijani.

Milango ya nakshi hakiisaidii, hapo ni picha zenye skeli na kuchora kwa mkono. Na milango ndo isiyotaka mchezo, manake Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda mlango wa nakshi wa kabla ya 1940, wakati jengo lenyewe linalindwa moja kwa moja kama ni la kabla ya 1863, la baada ya hapo mpaka litangazwe. Boma la Kale pale Dar, la Sultan Majid, ni la 1866 na 1867, yaani limekosa 1863 kwa miaka michache tu. Stesheni za reli ya kati, iliyoanza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, hazikaribii hata mwaka huo. Ndo maana napima mpaka vibanda vya gadi, kwa nyumba nyingi michoro yetu ndo itakayobaki.

Jambo ambalo muuzaji hawezi kukwambia: kidude hiki kinatisha watu. Nyumba ishapigwa X nyekundu ya kubomolewa, wewe unaingia na taa nyekundu nyingine. Bibi mmoja alinifuata hadi uani, "mjukuu wangu, hiyo ndo inahesabu fidia?" Nikamwambia shikamoo bibi, mthamini ni mwingine, mi naandika historia ya nyumba, akaniuliza historia inalipwa shilingi ngapi. Siku hizi nakiacha kwenye begi kwanza, naomba ruhusa, nasikiliza nani alijenga na nani aliongeza ghorofa, ndo nakitoa.

Nyota 4 kati ya 5. Mfuko waliotoa bure ulichanika mapema, nunua mwingine, na tepu ya chuma usiiache nyumbani.