Sanduku la mbao la kufungia majani: uzoefu wangu baada ya viangazi viwili

Nina ng'ombe wawili wa maziwa huku juu Machame, mlimani Kilimanjaro, na shamba lote ni migomba na kahawa. Kiangazi kikishaingia tunategemea majani ya tambarare, kama majirani wote. Mwaka juzi nilinunua marobota ya mashine, yaani majani makavu yaliyoshindiliwa na kufungwa kamba, kwa mchuuzi aliyeshusha Fuso zima barabarani. Kwa nje yalikuwa na rangi nzuri, yananukia. Nilipokata kamba ya robota la tatu, ndani palikuwa na joto kama ugali uliofunikwa, ukungu mweupe, na vumbi lililonikohoza mpaka usiku. Yalifungwa kabla hayajakauka. Nikaweka jingine kwenye mizani: kilo 11, nami nililipia 15.

Nikaamua kufunga yangu mwenyewe, nikaenda kwa seremala na vipimo vya sanduku nilivyopewa na bwana mifugo: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, wazi juu na chini. Elfu hamsini, mbao na ufundi.

Matumizi hayahitaji elimu. Unalaza kamba mbili chini, ncha zinaning'inia nje, unajaza majani, unapanda na kukanyaga, unajaza tena, unakanyaga tena mpaka mguu ukatae kuzama. Ukishafunga, unanyanyua sanduku, robota linabaki chini. Nikikanyaga mwenyewe napata kilo 18 mpaka 20. Akikanyaga mwanangu wa darasa la nne, 14, na anabisha kwamba mizani ni mbovu.

Ila sanduku halikaushi majani. Tunakata yakianza kutoa maua, umande ukishaondoka, na tunaanika kulekule tambarare siku mbili tatu huku tukigeuza. Ukiyapandisha mabichi kwenye ukungu wa huku juu, umejiletea mboji. Kipimo changu ni mkono: nasokota fungu, mabua yakivunjika kwa mlio nafunga, yakijipinda tu kama kamba nasubiri kesho.

Kasoro zipo. Watu wawili kutwa nzima hawavuki marobota 25, na mgongo utakukumbusha. Binamu yangu wa Nakuru, mwenye ekari kadhaa za nyasi za Boma Rhodes na trekta la kukodi, alicheka nilipomtumia picha, na kwa shamba lake ana haki ya kucheka. Sanduku langu pia lilitengenezwa bila vishikio, na misumari miwili iliyotokeza ndani imeshanichania suruali. Kamba tumia ya katani. Ya nailoni ni rahisi zaidi, lakini kipande kikisahaulika horini ng'ombe anakimeza, nacho hakisagiki tumboni.

Kosa la kuhifadhi lilikuwa langu, si la sanduku. Mwaka wa kwanza nilipanga marobota juu ya sakafu ya saruji, yakiegemea ukuta. Safu ya chini yote ilivuta unyevu ikaoza, nikaishia kuitandaza chini ya migomba. Sasa yanakaa juu ya chaga, mkono unapita kati yake na ukuta, na mengine yako darini juu ya banda.

Kwa mwenye ng'ombe wawili mpaka wanne, sanduku hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Wiki ijayo seremala ananitengenezea la pili, lenye vishikio. La kwanza shemeji aliliazima tangu Agosti, na kila nikimuuliza ananiambia bado robota moja.