Aishedo nyeusi isiyong'aa: ipi inastahili bei yake?

Aishedo, yaani rangi ya unga ya kupaka kwenye kope, ikiwa ya kung'aa husamehe mengi. Chembe za maika, madini yanayometa, hurudisha mwanga, na mwanga huo huficha sehemu ambazo rangi haikushika. Nyeusi au kahawia iliyokolea isiyong'aa haina msaada huo. Ikishika vipande vipande inaonekana, ikimwaga unga shavu lote linachafuka. Kwa hiyo kama kuna aishedo moja ya kuitolea pesa ya maana, ni hii, ilimradi ujue unalipia nini.

Hulipii weusi. Weusi ni rahisi kuupata. Aishedo nyeusi, ya bei yoyote, kwa kawaida hupata rangi yake kwenye oksidi ya chuma, ambayo boksi huiandika CI 77499. Nyingine huongezewa kaboni nyeusi, CI 77266, ambayo Marekani iliiruhusu kwenye vipodozi vya macho mwaka 2004. Tofauti ya bei, pale inapokuwa ya haki, iko kwenye usagaji wa unga na vitu vinavyoushikanisha: talki laini, silikoni na vingine vya aina hiyo. Hivyo ndivyo vinavyofanya rangi ishike kwenye kope na bado ikubali kusambazwa.

Hapo ndipo kipimo cha dukani kinapodanganya. Muuzaji anachovya kidole, anakupaka mgongoni mwa mkono, na unaona weusi wa kupendeza. Lakini kidole kina mafuta na kinakandamiza, kwa hiyo hata unga duni hushika. Nenda na brashi yako safi. Paka tabaka jembamba ndani ya mkono, mahali pasipo na losheni, kisha sambaza ukingo wake. Nzuri hufifia taratibu kutoka nyeusi hadi ngozi yako. Mbaya hufutika katikati na kuacha doa. Ongeza tabaka la pili: ikikolea, endelea kuifikiria, ikiwa la pili linaondoa la kwanza, mrudishie mwenyewe. Na usijaribie machoni kwa rangi iliyochovywa na kila mteja.

Kabla ya kulipa, toka nje ukaiangalie kwenye mwanga wa jua. Kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kuna kahawia ambazo kwenye kisahani, kile kibati kidogo cha rangi, zimekolea kabisa, ila zikisambazwa zinageuka majivu. Mara nyingi ni weupe ulio kwenye msingi wa unga. Ukiona CI 77891, yaani titani dayoksaidi, imetajwa mwanzoni kwenye orodha ya viungo vya rangi inayojiita nyeusi, kuwa na shaka.

Bei kwa gramu nayo ipigie hesabu, lakini usiisujudie. Tuseme kisahani cha gramu 1.5 kinauzwa shilingi 60,000 za Tanzania: hiyo ni 40,000 kwa gramu. Paleti, yaani boksi la visahani kadhaa, ya gramu 12 kwa 24,000 ni 2,000 tu kwa gramu. Ila rangi iliyokolea hutumika kidogo sana, pembeni mwa jicho na kwenye mstari wa kope, na alama ya kikopo kilicho wazi nyuma ya boksi, 12M au 24M, inakuambia miezi ya kuitumia baada ya kufungua. Gramu 1.5 zinamtosha mtu anayejipamba mwenyewe.

Kwa mpangilio wangu, ya kwanza ni kahawia moja iliyokolea, ya bei ya kati, iliyofaulu kipimo cha brashi. Inafanya karibu kazi yote ya nyeusi, na ukikosea kidogo inarekebishika.

Ya pili ni paleti ya kampuni inayozingatia ngozi nyeusi, kama Juvia's Place, iliyoanzishwa na Mnigeria Chichi Eburu. Inunue tu ikiwa rangi nyingine humo utazitumia kweli. Vinginevyo unalipia visahani vya kutazama.

Ya tatu ni nyeusi ya kitaalamu, mfano Carbon ya MAC. Mpambaji wa maharusi ningemwekea namba moja bila kusita, maana kope nzito nyeusi ya bibi harusi wa Pwani hupambana na joto na jasho usiku kucha. Kwa matumizi ya ofisini ni gharama kubwa kwa kazi ndogo, na hununuliwa bila boksi kwa bei nafuu zaidi kama una paleti tupu ya sumaku.

Ya nne ni paleti za bei ya chini za Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi. Zipo zinazofaa. Paka kwanza penseli nyeusi, isambaze, kisha gandamiza unga juu yake. Hata unga wa wastani utashika. Penseli hiyo isiwe wanja wa manga wa kienyeji usiojulikana ulikotoka, kwani nyingi huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Feki za majina makubwa siziweki popote. Aprili 2018 polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi feki, na vilipopimwa vilikutwa na bakteria na kinyesi cha wanyama. Paleti ya jina kubwa inayouzwa kwa robo ya bei yake, boksi lake lina makosa ya herufi na halina namba ya toleo, iache hapo hapo mezani.