Kuhamisha programu-jalizi ya Flutter kutoka Android hadi iOS: uzoefu wangu Lubumbashi

Ninatengeneza programu za simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa hapa Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia Flutter, zana ya Google ya kuandika programu mara moja kwa ajili ya Android na iOS (mfumo wa iPhone), ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Programu ninayoizungumzia hapa ni ya mauzo: mwenye duka anaingiza bidhaa, anapiga hesabu kwa faranga au kwa dola, kisha anamchapishia mteja risiti kwa mashine ndogo ya Bluetooth. Kwenye Android haikuwahi kuniletea malalamiko. Kisha mama mmoja mwenye depo ya vinywaji huko Katuba akatumiwa iPhone na mtoto wake aliye Afrika Kusini, akataka niihamishie programu ileile kwenye iPhone hiyo. Nilimwambia wiki mbili zingetosha, na nikapanga bei kwa hesabu hiyo. Kazi ilichukua karibu miezi mitatu.

Kwa upande wa skrini, Flutter ilitimiza kila ilichoahidi. Kurasa zote, vitufe na hesabu za bei zilifunguka kwenye iOS alasiri moja tu. Tatizo lilikuwa kwenye programu-jalizi niliyoiandika mwenyewe, yaani kipande cha msimbo kinachoiunganisha programu na Bluetooth ya simu. Programu inapotaka kuchapisha, ombi hupita kwenye mfereji uitwao MethodChannel, na upande wa pili lazima awepo wa kulipokea, aliyeandikwa kwa lugha ya mfumo wenyewe: Kotlin kwa Android, Swift kwa iOS. Mimi nilikuwa nimeandika Kotlin peke yake, kwa hiyo kila nilipobonyeza kitufe cha risiti nilijibiwa kosa lilelile, MissingPluginException, yaani upande wa pili hakuna mtu.

Nilidhani kuandika Swift kungekuwa kutafsiri tu. Hata hivyo, mashine ya yule mama haikuonekana kabisa kwenye iPhone, ingawa simu yake ya Tecno iliyokuwa mezani palepale iliiona mara moja. Alinitazama, akaniuliza: «Papa, hii telefone ya bei kali inashindwa na ile?» Jibu ni kwamba mashine nyingi za bei nafuu hutumia Bluetooth ya zamani, ambayo Android huifungulia programu yoyote iliyopewa ruhusa, wakati Core Bluetooth ya Apple, njia ambayo programu za iPhone hutumia kufikia Bluetooth, imejengwa kwa ajili ya Bluetooth Low Energy, aina mpya inayotumia nishati kidogo, na kifaa cha aina ya zamani kwa kawaida huhitaji kuidhinishwa na Apple kabla programu haijazungumza nacho. Hakuna msimbo ambao ungeondoa kizuizi hicho. Ilibidi tununue mashine nyingine yenye aina zote mbili.

Hata hiyo mpya ilikuwa na vituko vyake. Android hunipa anwani halisi ya kifaa, nami huihifadhi. iOS huificha na kunipa kitambulisho ilichokitunga yenyewe, ambacho kwenye iPhone nyingine kitakuwa tofauti. Tena data haiendi yote kwa mkupuo, bali lazima uikate vipande vinavyolingana na kiwango ambacho simu na mashine zimekubaliana. Risiti ya kwanza ilikatikia kwenye kreti ya tatu ya bia, bila jumla. Ya pili ilifika mwisho, lakini juu yake neno «Reçu» lilitoka «Re├ºu», kwa sababu katika Swift nilikuwa nimetuma maandishi kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuwakilisha herufi, na mashine ile inasoma jedwali la herufi la zamani. Kwenye Android nilikuwa nimeyageuza maandishi hayo mwanzoni kabisa, nikasahau kwamba niliwahi kufanya hivyo.

Kipengele cha malipo kwa pesa za simu ndicho kilichonishinda. Kuanzia Android 8, programu inaweza kutuma yenyewe ombi la USSD, yaani ile misimbo ya kupiga yenye * na #, na kusoma jibu lake. Apple haijaweka kitu kama hicho, na hata ukijaribu kufungua kipiga simu kwa kiungo chenye alama ya * au #, iPhone haitapiga namba hiyo, kwa nia ya kumkinga mwenye simu dhidi ya walaghai. Sababu ninaielewa, lakini hapa kwetu ambako pesa za simu hupita kwenye misimbo hiyo kutwa nzima, ni pengo kubwa. Niliishia kuweka kitufe kinachonakili msimbo ili mtumiaji aubandike mwenyewe.

Neno kuhusu kompyuta: Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, haifanyi kazi nje ya macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, nami sina Mac, kwa hiyo nilikodi moja kwa njia ya intaneti. Huduma hiyo siisifu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kikao kinafungwa na saa zinaendelea kuhesabiwa. Isitoshe, kiigizaji cha iPhone (simu ya kuigiza ndani ya Mac) hakina Bluetooth, na Mac yenyewe iko bara jingine, kwa hiyo kila jaribio lilipitia TestFlight, huduma ya Apple ya kusambaza programu za majaribio kwenye simu, ambayo inahitaji akaunti ya dola 99 kwa mwaka, wakati Google Play ilinitoza dola 25 mara moja tu. Kubadili mstari mmoja wa Swift kulinila karibu saa nzima, pamoja na mega za kupakua.

Flutter ninaipa nyota nne kati ya tano, na Mac ya kukodi mbili. Siku hizi, kabla sijataja bei, ninamwomba mteja anionyeshe mashine yake ya risiti, kisha kila kipengele kinachogusa maunzi ya simu ninakitoza mara mbili. Mama wa Katuba anachapisha kwa iPhone bila shida. Malipo bado anayapokea kwa ile Tecno, aliyoifunga kwa mpira kando ya sanduku la pesa.