Nguo za watoto kwenye seng'enge: nimemaliza "If This Is a Man" cha Primo Levi

Nilijiandaa kulia. Myahudi wa Italia aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, anasimulia yaliyomkuta, ungetegemea nini kingine? Lakini kilichoniliza sicho nilichokitegemea. Ni usiku wa kuamkia safari, Februari 1944. Wayahudi 650 wako kambini Fossoli, Italia, na wameshaambiwa kesho wanapelekwa. Akina mama hawalali. Wanaandaa chakula cha njiani, wanaogesha watoto, wanafunga mizigo. Kunapambazuka, seng'enge imejaa nguo za watoto zimeanikwa zikauke.

Nikafunga kitabu, nikatoka uani. Kamba yangu nayo ilikuwa na nguo za mtoto.

Behewa alilopanda Levi lilibeba watu 45. Waliorudi makwao ni wanne, na anasema hilo ndilo lililokuwa na bahati kuliko mengine yote.

Levi alikuwa mkemia, na uandishi wake ndio huohuo: anapima, anaeleza, hapigi kelele. Kuna pahala anaeleza foleni ya supu. Mfungwa aliyekwisha kuzoea anapiga hesabu asimame wapi, maana juu ya pipa ni maji matupu, vya kutafuna viko chini. Nilicheka kwa sauti. Sisi tuliosoma bweni tunaijua hesabu hiyo, ile ya maharage. Halafu aibu ikanishika. Sisi tuliokosa ya chini tulifunga shule tukaenda nyumbani kula.

Ila kuna jambo dogo limenikaa rohoni kuliko vipigo vyote. Levi ametoka kufanyiwa mtihani wa kemia na mkemia Mjerumani. Njiani nyapara wao, Alex, anashika waya wenye grisi, mkono unachafuka. Anaufuta kwenye bega la Levi, kiganja kwanza, kisha upande wa pili. Hana hasira wala dharau. Amepata tambara, basi.

Lawama ninazo. Nakala yangu ni ya mtumba, maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Kijerumani kimejaa humo, na sura ya Dante, yule mshairi wa kale wa Italia, ilinipita kabisa mara ya kwanza. Nimeirudia ndipo nikaielewa kidogo. Halafu angalieni msije mkakinunua mara mbili: Marekani kinauzwa kwa jina la "Survival in Auschwitz", na ni hichohicho. Nyota tano hata hivyo.

Usiku kule kambini Levi alikuwa akiota amerudi kwao. Anawasimulia dada yake na rafiki zake, nao hawamsikilizi, wanaongea mambo yao. Dada anamtazama, anainuka, anaondoka kimya. Akaja kugundua wenzake nao huota hivyohivyo. Na alipokiandika, mchapishaji mkubwa alikikataa. Mwaka 1947 kikatolewa na mdogo, nakala 2,500 tu.

Tulipokuwa watoto Kigoma tulikuwa na jirani, bibi mmoja aliyekimbia Burundi mwaka 1972. Jioni akikaa kibarazani alikuwa anaanza, "Siku ile tulipovuka..." Sisi tunaamkia shikamoo haraka haraka, tunakimbilia mpira. Kila mara aliishia hapohapo, na mimi mpaka leo sijui walivuka wapi, wala alikuwa na nani.