Benchi la Ligi Kuu au namba ya uhakika Championship?

Mshambuliaji wa Championship ya Tanzania, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, akishafunga mabao kumi, simu za Ligi Kuu huanza kuita. Kupanda kunaongeza mshahara, ila kukaa benchi na kuingizwa dakika tano za mwisho hakumjengi straika: anapoteza ufiti wa mechi, na dirisha lijalo la usajili hakuna anayemuulizia.

Akibaki, anacheza dakika 90 kila wiki, ingawa viwanja vigumu vinamla magoti na mshahara huchelewa. Hapo kanuni za FIFA zinamlinda: miezi miwili bila malipo, anaiandikia klabu notisi ya siku 15, isipolipa anavunja mkataba.

Kwa kijana wa miaka 21, namba kwanza. Wa miaka 29 achukue hela, ila asiondoke mezani bila nakala ya mkataba.